UZI: Bei za kadi za kale za besiboli zilizogrediwa, usiangalie rekodi ya mnadani ukadhani umeelewa

Dalali Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa kanifuata inbox, kasoma mahali kwamba kadi moja ya besiboli iliuzwa dola milioni 12.6, sasa ana binamu yake Marekani anataka amtumie hela amnunulie "hata ile ndogo ndogo" akae nayo miaka mitano auze ajenge. Nikaanza kumjibu kule kule nikaona inakuwa gazeti, bora nimwage hapa maana najua hayuko peke yake. Mimi nipo New Jersey, kazi yangu ni nyingine kabisa ila Jumamosi nasaidia kwenye duka la kadi la mzee mmoja, kwa hiyo haya mambo nayaona mezani siyo YouTube.

Kwa ambao hawajui kabisa: zamani huku kampuni za sigara, na baadaye za bigijii, zilikuwa zinaweka kadi yenye picha ya mchezaji ndani ya pakiti ili watu wanunue zaidi. Ile ya Honus Wagner ilitoka kwenye sigara za American Tobacco kati ya 1909 na 1911. Ile ya Mickey Mantle ya 1952 ilitoka na bigijii za Topps wa Brooklyn. Watoto walicheza nazo, wakazibana kwenye spoku za baiskeli zilie trrrr, mama zao wakafanya usafi wakatupa. Ndo maana zilizobaki nzuri ni chache.

Kugredi maana yake unaituma kadi kwa kampuni, wanaikagua kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati ya fremu, wanaipa namba kuanzia 1 mpaka 10, halafu wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. PSA ndo wakubwa, walianza 1991. SGC wakaja 1998, Beckett 1999.

Sasa ninachotaka kusema ni kitu kimoja tu, mengine yote ni mifano yake. Ukisikia "bei ya kadi fulani imepanda" uliza imepanda IPI. Hakuna bei ya Mantle wa 1952. Kuna bei ya Mantle gredi 1, kuna ya gredi 4, kuna ya gredi 8, na hizo hazitembei pamoja hata siku moja. Ni sawa na viwanja, jirani yako wa barabarani kauza milioni 80 haina maana chako cha bondeni kimepanda.

Tuanze na kadi ambayo safari yake inajulikana mnada kwa mnada, ile Wagner wanayoiita Gretzky Wagner. Naipenda kwa sababu ni kadi ile ile moja, siyo mara hii ni hii mara ile ni nyingine. 1985 iliuzwa dola 25,000. 1987 ikaenda 110,000. 1991 Sotheby's wakaipiga mnada, Wayne Gretzky yule wa hoki ya barafu na mwenzake Bruce McNall wakaibeba kwa 451,000, na PSA ndo kwanza wamefungua, kadi ya kwanza kabisa kuigredi ikawa hiyo hiyo, wakaipa 8. 1995 ikauzwa kwa 500,000 ikawe zawadi kwenye promosheni ya Walmart. Mshindi akawa mama mmoja mfanyakazi wa posta kule Florida, na huku ukishinda zawadi unalipia kodi kama vile umepokea mshahara, mama wa watu ataitoa wapi hela hiyo, ikabidi kadi iende Christie's 1996, ikauzwa 641,500. Mwaka 2000 ikavuka milioni, 1,265,000. 2007 mwanzoni 2.35 milioni, na kabla mwaka haujaisha ikauzwa tena 2.8 milioni kwa Ken Kendrick, mmoja wa wamiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks.

Mtu akikuchorea hiyo unaona mlima tu. Kaa chini na kikokotoo. Kutoka 1985 mpaka 2007 ni kama asilimia 24 kwa mwaka, mkwanja mrefu kinoma. Lakini Gretzky na mwenzake kutoka 1991 mpaka 1995 hawakufikisha hata asilimia 3 kwa mwaka, yaani mfumuko wa bei na wao walikuwa wanakimbia sare. Kutoka 1996 mpaka 2000 ikawa kama 18. Kutoka 2000 mpaka 2007 mwanzoni ikashuka tena mpaka 9 au 10. Kadi ile ile, lebo ile ile. Ilikuwa inalala miaka halafu inaamka inakimbia. Aliyenunua ikiwa inakaribia kulala na akahitaji hela haraka, huyo hukumsikia kwenye habari.

Na bado sijasema kisanga chake, nitarudi kwenye hilo.

---

Msee wa Thika Road

Boss hizo ni story za mabilionea. Mtu wa kawaida anaingilia wapi hapo? Na hiyo ya 12.6 ilitoka wapi, ghafla tu?

---

Dalali Mstaafu

Haikutoka ghafla mkuu. Ni Mantle ya Topps 1952, namba 311. Mwenyewe aliinunua 1991 kwa dola 50,000 na wakati huo watu walimwona kichaa. Ilitokana na mzigo ulioibuliwa Massachusetts katikati ya miaka ya 80, kadi za 1952 ambazo hazijaguswa, dalali maarufu Alan Rosen ndo aliununua. Yule aliyeinunua 1991 akakaa nayo miaka 31, ikagrediwa SGC 9.5, Agosti 2022 Heritage wakaipiga mnada ikafika 12.6 milioni pamoja na tozo ya mnada. Hizo 50,000 za 1991 kwa thamani ya 2022 ni kama laki moja na kidogo, kwa hiyo hata ukitoa mfumuko bado ni balaa. Kwa mwaka inakuja karibu asilimia 19.5.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Mantle wa 1952 SIYO kadi adimu. PSA peke yao wamegredi zaidi ya elfu moja. Tena ile kadi namba 311 ilichapwa mara mbili kwenye karatasi moja ya kiwandani, kwa hiyo zilitoka nyingi kuliko baadhi ya majirani zake. Seti ile ilikuwa na kadi 407, na kundi la mwisho kuanzia 311 lilitoka msimu umeshaishiwa nguvu, maduka yanawaza futiboli ya Kimarekani, mzigo ukarudi ghalani ukakaa mpaka 1960. Sy Berger wa Topps mwenyewe ndo alisimulia kwamba waliupakia kwenye tishari wakaenda kuumwaga Atlantiki, huku huku upande wa New Jersey. Mzee wa dukani akifika kwenye stori hiyo huwa anavua kofia kabisa.

Kwa hiyo bei ya Mantle haipandishwi na uhaba wa kadi, inapandishwa na uhaba wa kadi NZURI, na ukweli kwamba watoto wa miaka ya 50 waliokuwa wanampenda walikuja kuwa watu wazima wenye hela miaka ya 80. PSA 10 zipo tatu tu. PSA 9 zipo sita. Ukishuka 5, 4, 3 zipo mamia. PSA 9 iliuzwa 2.88 milioni 2018, Januari 2021 PSA 9 ikaenda 5.2 milioni. Karibu mara mbili ndani ya miaka mitatu. Gredi 2 na 3 nazo zilipanda kipindi hicho, sikatai, lakini baadaye zilipoa, maana huko chini muuzaji mwenye shida hakosekani kila wiki. Huko juu anaweza asitokee muuzaji mwaka mzima, kwa hiyo bei ya mwisho inabaki imening'inia tu hewani mpaka atokee.

Hilo watu hawalielewi. Kadi ya juu haina bei kila siku. Ina bei siku inapouzwa.

---

Yakhe wa Forodhani

Assalaam alaykum. Mimi nna suali dogo tu. Hizo gredi si mtu na macho yake kakaa anaangalia? Leo kaamka na kichwa, kesho kaamka mzima. Sasa mtu atoe maelfu kwa jicho la mtu?

---

Dalali Mstaafu

Waalaykum salaam yakhe, umegusa penyewe. Ndiyo, ni macho ya mtu. Na kwa kweli ukinunua kadi iliyogrediwa nusu ya hela unainunua kadi, nusu unanunua imani ya watu kwa lile jicho.

Ngoja nikuonyeshe inavyokuwa. Mwaka juzi mteja alileta Roberto Clemente ya 1955, ile ya kwanza kabisa ya Clemente. Ukiiangalia usoni unasema hii 7, rangi imekaa, kona zimechoka kidogo tu. Mzee akazima taa ya juu, akawasha ile taa yake ya mezani, akaishika kadi kwa kingo akaiinamisha pole pole kama mtu anayetafuta ufa kwenye kioo cha simu. Kwenye pembe ya chini kulia kukatokea mstari mwembamba, mkunjo usiofika hata nusu kidole, ukiinyoosha kadi haupo, ukiinamisha upo. Akamwambia mteja hii haitavuka 4. Ikatumwa, ikarudi 4. Mkunjo ule tu, bei ikakatika vibaya sana, wakati mtu akiitundika ukutani hauoni kitu.

Sasa kwa kuwa ni macho, kuna watu kazi yao ni kubahatisha jicho lingine. Ananunua 7 nzuri, anavunja kasha, anaituma tena akiomba Mungu irudi 8. Ikirudi 7 anavunja tena anatuma tena. Halafu lebo za zamani wengi hawarudishi, kwa hiyo kwenye hesabu ya PSA inayoonyesha kadi ngapi zipo kila gredi, kadi moja inaweza kuwa imehesabiwa mara tatu. Kwa hiyo ukiona "7 zipo mia mbili" jua huenda kadi zenyewe ni pungufu ya hizo. Na kwa kadi za gredi za juu namba hiyo ndo inaendesha bei, ikiongezeka moja tu, kwa mfano 9 ya saba itokee kesho, wote wenye 9 sita watalala vibaya.

Pia viwango vyenyewe si vile vile miaka yote. Wanunuzi wengi wanaamini 8 ya miaka ya 90 ilitolewa kwa mkono mlaini kuliko 8 ya leo, kwa hiyo wanaangalia lebo ni ya zamani au mpya kabla hawajataja bei. 2008 PSA wakaanzisha nusu gredi, 7.5, 8.5 na kadhalika. Mwenye 8 nzuri kabisa akapata pa kupandia, mwenye 8 ya kusukumizwa akabaki chini ya ngazi. Ghafla kadi mbili zilizokuwa na lebo moja zikawa na bei mbili.

Na leo ndo kabisa, wanunuzi wazoefu wanaangalia kadi kabla ya namba. 5 ambayo picha imekaa katikati na rangi zinawaka inaweza kuuzwa zaidi ya 6 iliyopinda upande. Ukichukua wastani wa mauzo ya gredi hiyo unachanganya warembo na wachovu humo humo.

Sasa kile kisanga cha Gretzky Wagner. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba kadi ile ni nzuri kupita kiasi, kingo zimenyooka mno kwa kadi ya pakiti ya sigara. 2013 Bill Mastro, aliyeinunua ile 1985 na baadaye akawa mfalme wa minada ya kadi, akakiri mbele ya mahakama ya shirikisho kule Chicago kwamba aliikata kingo. Kesi yenyewe ilikuwa ya udanganyifu kwenye minada, kupandisha dau kwa wanunuzi hewa, 2015 akafungwa miezi 20. Kwa sheria ya kugredi kadi iliyokatwa haipewi namba kabisa. Lakini ile lebo inasema 8 mpaka leo, cheti namba moja. Haijauzwa hadharani tangu 2007 kwa hiyo hakuna ajuaye soko litaipa ngapi.

Na usisahau upande wa pili: dau hewa maana yake baadhi ya bei za kipindi kile zilizoandikwa kwenye kumbukumbu ni za uongo. Grafu unayoiangalia inazo ndani yake.

---

Yakhe wa Forodhani

Subhanallah. Kwa hiyo kadi mbovu ndo maarufu kuliko nzima.

---

Dalali Mstaafu

Na Wagner nyingine zisizo na kashfa zimeipita bei ile ya 2007 zikiwa na gredi za chini mno. 2021 SGC 3 ikauzwa 6.606 milioni. 2022 SGC 2 ikauzwa 7.25 milioni, kwa makubaliano binafsi siyo mnadani. Gredi 2 yakhe! Maana zinazojulikana duniani hazifiki mia, wengine wanasema Wagner mwenyewe alizuia zisichapwe kwa sababu hakutaka watoto wanunue sigara, wengine wanasema alitaka alipwe. Ikiwa kadi ni adimu hivyo gredi inapoteza nguvu, mtu anataka tu awe nayo. Linganisha na Mantle ambako gredi ndo kila kitu. Kwa hiyo hata kanuni yangu ya kwanza ina mipaka yake.

---

Mzee wa NBA

Mkuu vipi korona? Nakumbuka kadi ya Jordan ilikuwa inapaa kila wiki, jamaa zangu Minnesota walikuwa wanagombea maboksi dukani.

---

Dalali Mstaafu

Aisee kipindi kile acha. Watu wamefungiwa ndani, michezo imesimama, hela za serikali zimeingia akaunti, kila mtu akakumbuka maboksi ya kadi yaliyoko kwa mama. PSA walizidiwa na mzigo mpaka Machi 2021 wakafunga huduma zao za bei ya chini. Mei mwaka huo Target wakaacha kwa muda kuuza kadi madukani baada ya watu kupigana kwenye maegesho kule Wisconsin, mtu mpaka akatoa bastola. Kwa ajili ya kadi!

Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986, PSA 10, ilifika 738,000 Januari 2021. Mwaka uliofuata zilikuwa zinapita chini ya 250,000. Hiyo si besiboli lakini nimeitaja makusudi, maana inaonyesha kitu: za PSA 10 zipo zaidi ya 300, na bei ilipopaa kila aliyekuwa nayo akaikumbuka kabatini. Mzigo ukamwagika sokoni. Besiboli ya kale nayo ilipanda na ikashuka 2022 riba zilipoanza kupanda, ila haikuanguka chali kama za wachezaji wa sasa. Mantle hawezi kuumia goti, hawezi kubadilisha timu, hawezi kukamatwa usiku klabu. Alishamaliza kucheza 1968, akaingia jumba la heshima la besiboli (Hall of Fame) 1974, akafariki 1995. Takwimu zake zimefungwa.

Huko nyuma kulikuwa na povu lingine pia, la mwisho wa miaka ya 80. Kampuni ziliona watu wananunua kadi kama hisa wakachapa kama gazeti. Kadi ya Ken Griffey ya kampuni ya Upper Deck ya 1989 PSA wamezigredi makumi ya maelfu. Kuna watu huku wana maboksi ya kipindi kile waliyoyawekea watoto ada ya chuo, mtoto kamaliza chuo kwa mkopo na boksi bado liko chini ya kitanda. Wanatuletea dukani kila mwezi, mzee huwa anawapa chai kwanza.

---

Mhasibu wa Ilala

Samahani naingilia, mimi sijui besiboli ila hesabu zenu zinaniwasha. Hizi bei mnazotaja zina tozo ya mnada ndani? Maana kama zina tozo basi faida ya muuzaji siyo hiyo.

---

Dalali Mstaafu

Mama umeingia pazuri, hapo ndo wengi wanapigwa. Nyumba nyingi za mnada zinamtoza mnunuzi asilimia 20 hivi juu ya bei iliyogongewa nyundo, na bei wanayotangaza ni ile yenye tozo.

---

Mhasibu wa Ilala

Basi ngoja tuweke mfano. Nyundo imegonga 1,000, nimelipa 1,200. Baada ya miaka kadhaa nauza, nyundo inagonga 1,300, mnunuzi analipa 1,560. Magazetini wataandika kadi imetoka 1,200 mpaka 1,560, imepanda asilimia 30. Mimi mkononi nimepata 1,300 nikitoa 1,200 niliyolipa, faida 100. Asilimia 8 na ushee. Na hapo sijatoa kamisheni ya muuzaji, posta, bima wala kodi. Ikiwa ni miaka mitano nimefanya kazi ya bure. Heri hati fungani.

---

Dalali Mstaafu

Imeenda hivyo hivyo. Ongeza na kodi ya huku, vitu vya kukusanya faida yake ya muda mrefu inatozwa mpaka asilimia 28 kwa serikali kuu, wakati hisa ni 20 hata kwa tajiri. Kwa hiyo kadi ikipanda asilimia 30 kwenye habari, ndo kwanza umeanza kuona mwanga. Ndo sababu waliotajirika kweli ni waliokaa nazo miaka 20, 30, siyo kwa uvumilivu wa kitakatifu, wengi walisahau tu kwamba wanazo au walizipenda mno kuziuza.

(Mkuu mmoja kaniandikia kando kwamba wanaouza wenyewe eBay wanakwepa tozo ya mnada. Wanalipa ada ya eBay ambayo nayo si haba, na kwa kadi ya maelfu unataka picha nzuri na jina linaloaminika, la sivyo wanaokuja ni wa dau la chini.)

---

Mama Nasra

Na vifo je? Nimeona mchezaji akifa watu wanakimbilia vitu vyake. Na Jackie Robinson nasikia naye yuko juu.

---

Dalali Mstaafu

Mchezaji akifa bei inaruka siku chache, watu wanaposti kwa hisia, halafu mara nyingi inarudi karibu na pale ilipokuwa. Hank Aaron alifariki Januari 2021, katikati ya ule wazimu wa korona, kwa hiyo huwezi kutenganisha kipi kilipandisha nini. Willie Mays alifariki Juni 2024 soko likiwa limetulia, hapo ndo unaona vizuri, siku mbili tatu kila mtu anataka Mays, mwezi unaofuata mambo yametulia. Aliyeuza wiki ile ya msiba ndo alikula vizuri, na kwenye maduka hakuna anayependa kulisema hilo kwa sauti.

Habari nyingine zinaacha alama ndefu zaidi. Pete Rose alifungiwa 1989 kwa kamari, akafariki Septemba 2024, Mei 2025 ligi ikawafungulia marehemu, yeye na Shoeless Joe Jackson na wengine, kwa hiyo mlango wa jumba la heshima umefunguka ingawa hajaingia. Kadi ya Rose ya 1963 hapo ikageuka kuwa ya kubashiri, na kubashiri ndo kunatikisa bei kuliko kifo.

Robinson ni suala jingine kabisa. Yeye ndo mtu mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu zama hizi, 1947, na kadi yake ya Leaf ya 1948 inatafutwa na watu ambao hata besiboli hawaangalii, makumbusho, wanahistoria, watu weusi wenye hela wanaotaka kipande cha historia yao. Anayenunua si yule mtoto wa miaka ya 50 aliyezeeka. Mimi binafsi hapo ndo nina wasiwasi na Mantle miaka 20 ijayo: wale waliomwona akicheza wanaondoka, na kadi zao zinaingia sokoni kupitia watoto wao wanaotaka kugawana urithi. Mzee wa dukani hakubaliani na mimi, anasema Babe Ruth alishakufa tangu 1948 na hakuna aliyemwona akicheza ila kadi yake ya Baltimore News ya 1914 iliuzwa 7.2 milioni mwishoni mwa 2023. Ana hoja. Lakini Ruth ni mmoja, na nyota wa daraja la pili wa miaka ya 50 hawana jina la kuwabeba hivyo.

---

Msee wa Thika Road

Sasa ukiwa Nairobi ama Dar unazinunua aje? Customs watakutoa roho.

---

Dalali Mstaafu

Wala usilete mkuu. Kuna maghala huku, PSA wenyewe wanalo, kadi inakaa humo na unaiuza ikiwa humo humo. Ukiipeleka Nairobi unalipa usafiri, bima na forodha halafu wa kumuuzia hayupo. Unyevu wa Mombasa nao siwezi kuuzungumzia.

---

Kijana wa Inbox

Mkuu ni mimi. Nimesoma yote mara mbili. Kwa hiyo nimtumie binamu au nisimtumie?

---

Dalali Mstaafu

Kama hela ya kujenga ndo hiyo hiyo na unaitaka baada ya miaka mitano, usimtumie. Kama ni hela ambayo hata ikilala kumi huumii, basi kabla hajalipa chochote akupe namba ya cheti. Unaiingiza kwenye tovuti ya PSA au SGC, unaona kama kadi iliyosajiliwa ndo hiyo ya kwenye picha, maana makasha feki yapo na lebo feki zipo. Halafu tafuta mauzo ya kadi hiyo hiyo, gredi hiyo hiyo, kampuni hiyo hiyo, siyo matangazo ya bei, MAUZO yaliyokamilika, na uangalie picha moja moja uone ipi imekaa katikati na ipi imepinda. Ukipata mauzo matano ya mwaka mmoja na nusu unaanza kupata picha. Ukipata mawili ya 2021 huna kitu. Na ukae kwenye gredi za katikati za majina makubwa, ukitaka kutoka siku yoyote mnunuzi yupo.

---

Kijana wa Inbox

Ameshapata moja. Anasema Clemente 1955 PSA 3, kanitumia picha ya mbele tu.

---

Dalali Mstaafu

Mwambie apige na nyuma. Hizo za 3 mara nyingi shida iko nyuma, gundi ya albamu, kalamu ya mtoto aliyeandika jina lake. Na apige lebo kwa karibu, namba isomeke. Ikija iweke hapa hapa wote tuione.